Tyubu ya Mkono wa Kulia

"Hebu rudia, mwanangu. Ya mkono wa kulia ni ipi?"

Marta alimwinulia Mzee Zabron tyubu yenye kibandiko cha KULIA, kwa mara ya tatu sasa. Mzee aliutazama kwanza mkono ulioishika, wenye alama za mabaka ya zamani, ndipo akaipokea. Marta alishukuru kwamba amevaa barakoa, maana alikuwa akitabasamu.

Kituo kile cha Lushoto kilikuwa kikijaribu dawa mpya ya pumu ya ngozi. Kila mgonjwa alipewa tyubu mbili, moja ya dawa na nyingine ya mafuta matupu, kila mkono na yake. Baada ya miezi mitatu daktari angelinganisha. Mgonjwa hakutakiwa kujua dawa iko wapi. Marta naye hakutakiwa, lakini orodha ya siri alikuwa ameichungulia, na vibandiko vya mzee huyu alivibandika mwenyewe. Mafuta matupu aliyapeleka kulia.

Miaka kumi na minane nyuma, Zabron alikwenda kwa kina Marta, Soni, kuleta posa ya mwanawe Alen. Marta alipiga goti, akasema shikamoo, akanyoosha mkono uliojaa mabaka ya ugonjwa huohuo. Mzee aliutazama, kisha akatia mikono yake mfukoni mwa koti. Posa ikafa palepale, na Soni nzima ikajua kwa nini.

Sasa yamemkuta mwenyewe, tena mikono yote miwili. Marta alitaka apone wa kushoto tu. Awe mzee wa kanisa asiye na mkono wa kumpa mtu, aone utamu wake.

Kila mwezi Zabron alikuja kuchukua tyubu mpya, mikono ndani ya glavu za sufu, akisingizia baridi. Marta aliziona glavu zile na roho yake ikasuuzika. Kila mwezi mzee aliuliza swali lilelile, akajibiwa vilevile.

Siku ya mwisho daktari alimwambia azivue. Mkono wa kushoto ulikuwa umepasuka hadi damu. Wa kulia haukuwa na hata baka moja.

Daktari alipotoka kwenda kuandika, Zabron alimnyooshea Marta ule wa kulia, akauacha hapo.

"Uso uliuficha, Marta, lakini mikono yako sijaisahau," alisema taratibu. "Kila uliyoniambia ni ya kulia, nilipaka kushoto."