Kanga Iliyovuka Kabla ya Sheria

Kuingia Ufaransa kutoka Ujerumani, paspoti na bima havikutosha tena. Ilibidi mgeni aondolewe harufu ya kwake. Bi Zuwena alikuwa amezifukiza nguo udi siku nzima kwa ajili ya bintiye aliyejifungua, na mashine ya mpakani ikaufuta wote.

Mlangoni, Salha alimkumbatia mama yake, akamnusa shingoni, kisha akamnusa tena.

“Ni mimi, mwanangu.”

“Najua, mama.”

Akafungua kopo la biskuti, akatoa kanga ya zamani ya mama yake, iliyovuka kabla ya sheria. Kila kopo lilipofunguliwa, harufu ilipungua. Akamfunika nayo mabegani, kisha akamweka mtoto kifuani pake.

“Mnuse bibi yako,” akamnong’oneza mwanawe, “kabla hajaisha.”