Neno Silirudishi

"Mfupa nampa," alisema Zamoyoni. "Neno silirudishi."

Shangazi yake alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi na kikombe cha maji, kama desturi inavyotaka: aliyelaani husukutua, kisha humtemea aliyelaaniwa maji kifuani, na laana hufutika. Miaka minne nyuma, kwenye matanga ya mama yao, mdogo wake Mwanahawa alisema mbele ya watu kwamba Zamoyoni alimwacha mama afe na njaa. Zamoyoni akamjibu, "Mifupa yako ikauke!"

Sasa imekauka. Daktari aliwaeleza kwamba damu haitoki moyoni. Hupikwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, na uboho wa Mwanahawa umeacha kupika. Katika ndugu wote, uliolingana na wake ni wa Zamoyoni tu.

Basi alilala kifudifudi, sindano ikazama kwenye mfupa wa nyonga. Hakulia. Jioni alijikongoja hadi kitandani kwa mdogo wake, ambako mfuko mwekundu wa uboho wake ulikuwa ukidondosha tone kwa tone mshipani.

"Hata hivyo ulimuua mama," alisema Mwanahawa, midomo myeupe kama chaki.

"Basi kunywa mifupa ya muuaji, ushibe."

Shangazi akasukuma kikombe mbele. Zamoyoni alikuwa hajanywa kitu tangu alfajiri. Akakipokea, akajaza kinywa. Mwanahawa akateremsha kanga kifuani. Dada yake akabaki amemwinamia, mashavu yamevimba kwa maji, hamezi, hatemi.