Jiko Lililokataa Mchicha

"Mama, jiko limejizima tena! Si nilikwambia halipiki mchicha uliooteshwa udongoni?" Nanzia alifoka.

"Usinipigie kelele. Mkahawa huu ulipata jina kwa mboga za samadi, wewe ukiwa mgongoni mwangu."

"Enzi hizo majiko hayakuwa na mdomo! Haya yanapika vya kiwandani tu, na hili limeshatushtaki kwa wakaguzi wa chakula."

Ukumbini wateja walisubiri. Namkunda, mama yake, akasonya. Miaka yote hiyo ya kuwabembeleza watu wale chakula kisicho na dawa, leo aombe ruhusa kwa jiko? Akabeba sufuria hadi uani, akapanga mafiga matatu, akawasha kuni.

Moshi ulipopanda, majirani wakafunga madirisha mmoja mmoja. Nanzia akaenda kukomea geti kabla wakaguzi hawajafika.