Shimo la Migombani

Mzee Machogu alichimba kama mtu anayefukuzwa. Alishika sururu alfajiri, na hakutoka shimoni mpaka giza limtoe.

Kosa lilikuwa lake, alijua. Nyanchera, mke wa mwanawe Momanyi, alikuwa na mimba changa, na kila akienda haja ndogo alilia kwa uchungu. Nesi wa zahanati ya Ekerenyo alimpa vidonge na onyo: anywe maji mengi na uji mwepesi, na akibanwa asijizuie. Ugonjwa ukipanda kwenye figo, mimba itakuwa hatarini.

Asijizuie! Aende wapi? Boma zima lilikuwa na choo kimoja, cha Machogu, na kwa Wagusii mke wa mwana hakanyagi choo cha baba mkwe. Hiyo ndiyo ensoni, heshima na aibu katika neno moja. Mtoto wa watu alikuwa ameolewa tangu mavuno ya wimbi, na Machogu hakuwahi kujiuliza. Mvi nazo si akili.

Pesa za mauzo ya kwanza ya majani chai zilipoingia ndipo alipokumbuka kumchimbia choo chake, tena kwa kujivuta. Nyanchera alipougua, majuto yakamshika mzee, naye akaacha hata kwenda sokoni.

Kati ya migomba, mahali alipochagua kuchimba, alikuta kijia chembamba kilichokanyagwa kikakanyagika. Akawalaani ndama na kuendelea.

"Mtungi haupungui," mkewe Kemuma alimwambia alipomletea uji. "Hataki kunywa maji. Nikimsihi, anainama tu."

"Mwambie choo chake kinakuja. Kesho kutwa naezeka."

Mara kwa mara alimwona Nyanchera mlangoni mwa jiko, akitazama migomba, kisha akirudi ndani. Maskini, anatazama shimo limefika wapi, alijiambia, na moyo ukamuuma. Akatema mate viganjani, akachimba.

Jioni Kemuma akarudi, mikono mitupu.

"Baba Momanyi, toka humo. Msichana ana homa, na mgongo unamkata."

"Niache, nimebakisha kidogo."

"Nimembembeleza mpaka amesema. Hapo uliposimama ndipo alipokuwa akijisaidia. Tangu ushike sururu, anajizuia mchana kutwa, akingoja giza likutoe."