Ombi la Fundi Saa

Wagonjwa wote wa wodi ile waliomba wapate figo. Fundi saa peke yake alikuwa akihangaika anyimwe.

Tangu kulipokucha hakutulia. Aliinuka, akakaa, akachungulia dirishani, akavua kandambili na kuzivaa tena. Nesi alimwuliza kama ana haja ndogo. Akacheka kwa uchungu. Haja ndogo ilikuwa imemsahau miaka miwili sasa, tangu figo zake zilipogoma akaanza kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Mshipa wa mkono ulikuwa umechoka kuchomwa. Madaktari hawakumficha: bila figo mpya, mwaka mwingine wa mashine ni wa kubahatisha.

Na figo ilikuwepo. Kesho yake saa mbili asubuhi ingetoka kwa mdogo wake, mchomelea vyuma, mtu wa miraba minne, baba wa watoto watatu, wa mwisho hajaanza hata kutambaa. Vipimo vyote alikuwa amevipita. "Figo zake nzuri mpaka zinatia wivu," daktari wa figo alisema.

Jana yake daktari huyo aliwaketisha ndugu wote wawili akawaeleza kazi yenyewe. Siku hizi hawapasui ubavu kama zamani. Wangetoboa matundu manne tumboni, kamera ipite kwenye moja na vyombo kwenye mengine. Figo ya kushoto, ambayo mshipa wake ni mrefu na ni rahisi kuunga, ingevutwa nje ndani ya kifuko kupitia mkato mdogo chini ya kitovu. Siku ya pili mtoaji anatembea, ya tatu au ya nne yuko kwake. Figo inayobaki huongeza bidii taratibu, na wengi huishi nayo bila taabu.

"Na kufa?" fundi saa aliuliza.

"Hutokea. Mara chache sana."

Mchomelea yeye hakuuliza habari za kufa. Aliuliza matundu ni mangapi. Akajibiwa. Baadaye akauliza tena, na walipofika mlangoni akauliza mara ya tatu. Fundi saa alitabasamu. Fundi hupenda kujua kazi ya fundi mwenzake.

"Kaka, usinitazame hivyo," mdogo mtu alimwambia koridoni. "Mimi nikitoa moja nabaki na moja. Wewe je, usiye na hata ya kuazimisha?" Wakacheka mpaka nesi akawanyamazisha.

Lakini lile "mara chache sana" halikumtoka fundi saa kichwani. Mdogo huyu alimlea yeye mwenyewe tangu baba yao alipofariki, akamfunga kamba za viatu, akamfundisha kunyoa ndevu. Akifia mezani, shemeji atamtazama kwa macho gani? Aliogopa, tena kuliko alivyowahi kujiogopea mwenyewe.

Ndipo akakumbuka maneno ya yule mama daktari anayewasimamia watoaji, ambaye kazi yake ni mtoaji tu, mgonjwa hamhusu. "Mtoaji anaweza kubadili nia hata akiwa mlangoni pa chumba cha upasuaji," aliwaambia siku ya kwanza. "Sisi tutaiambia familia hafai kitabibu, basi. Hatutasema kwa nini, na msituulize."

Asubuhi ile, daktari wa figo alipopita kukagua wagonjwa, fundi saa akamshika mkono wa koti.

"Mwambie yule mama aseme mdogo wangu hafai."

"Mzee, hilo ni la mtoaji, si lako."

"Yule hawezi kuniacha. Hata mumwambie atakufa, atakuja tu. Nisaidieni jamani."

Daktari akafunga faili. "Nitamfikishia, aamue mwenyewe. Zaidi ya hapo siahidi."

Saa tisa mchana mama daktari akaingia, mchomelea nyuma yake, kichwa chini.

"Upasuaji wa kesho umefutwa," alisema. "Mtoaji hafai kitabibu. Poleni sana." Akatoka.

Mchomelea alipiga magoti kando ya kitanda, akaukumbatia mguu wa kaka yake uliovimba, akalia kwa kwikwi, pande zima la mtu.

"Nisamehe, kaka. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mwili ukikataa umekataa. Kwani ni wewe uliyeuumba?"

Kilio kikazidi. Fundi saa alimpigapiga mgongoni, huku akijiuma midomo asije akaonekana anatabasamu mbele ya msiba. Ulimi ulimwasha amweleze kila kitu, akajizuia. Siri hii ataingia nayo kaburini. Mdogo wake asijue kamwe nani aliyezuia.

"Nenda nyumbani," alimwambia. "Kawabebe wanao."

Mchomelea aliondoka upesi, hakugeuka nyuma.

Kwa mara ya kwanza tangu jana yake fundi saa alitulia. Alijilaza chali, mikono kifuani, akaomba chai, akainywa yote aliyoruhusiwa. Kufa angekufa, hilo alilijua. Lakini kulikuwa na mtu aliyekubali kukatwa kwa ajili yake, na yeye ndiye aliyesema hapana. Wangapi wanaondoka duniani na utajiri kama huo?

Saa kumi na moja daktari wa figo aliingia akihema, kofia ya upasuaji bado kichwani.

"Uniwie radhi, mzee. Ulipomaliza tu kusema nami asubuhi niliitwa kwenye upasuaji wa dharura, ndiyo kwanza natoka. Lile ombi lako sijalifikisha kwa mtu yeyote. Ngoja nimuwahi yule mama kabla hajaondoka."