Kandambili Mlangoni

Siku ya arobaini ya Shaibu, kabla pilau haijaletwa, baba yake alisimama jamvini.

“Tuliwaambia alikufa kwa homa. Tulidanganya, tukiogopa aibu. Mwanetu alijiua. Tulimwona amekuwa mkimya, tukadhani ni utu uzima. Kama humu yupo aliyeelemewa, asiondoke. Abaki tuzungumze.”

Wageni walikula, wakaaga upesi, kila mtu akitafuta viatu vyake mlangoni. Mama Shaibu alipokuja kufagia, alikuta kandambili za mtu mmoja zimebaki. Akachungulia ndani. Jirani yao Sudi, anayechekesha mtaa mzima, alikuwa ameinamia sahani ambayo hakuigusa.

Alipomwona, akajiinua. “Nilikuwa naondoka, mama.”

“Chai bado, mwanangu,” alisema, akaziokota kandambili, akaziingiza ndani.