Kijiko Kipana

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, wala sihitaji shahidi.

Ulikuwa mwaka wa Elnino, na tuta linalokinga majaruba yetu ya mpunga ya Namawala na mafuriko lilianza kumomonyoka. Kikundi chetu cha wakulima kikanituma Ifakara nichague kijiko cha kufunga mbele ya trekta letu dogo, tuzibe tuta kwa udongo.

"Chukua hiki chembamba, mzee," fundi alinishauri. "Trekta lenu jepesi."

"Hicho kampe mkeo apalilie mchicha!" Nikachukua kilicho kipana kama kitanda.

Niliporudi, tuta lilikuwa limeshapasuka. Nikachota udongo uliolowa, nikainua. Matairi ya nyuma yakaachana na ardhi. Pua ya trekta ikazama kwenye tope mpaka kwenye taa, na tairi moja kubwa likabaki linazunguka hewani, taratibu, likidondosha matope.

Maji yakanipita kuelekea kwenye mpunga.

"Msihofu," niliwaambia wenzangu. "Kesho tutalinasua, na kijiko hiki kitaziba tuta kwa saa moja tu."

Tekla, mjane wa kaka yangu, alikuwa amesimama jarubani kwake. Miche yake ilielea ikimzunguka magoti.

"Kesho utakuwa unalinda nini, shemeji?"